Risasi ya Anayengoja Zamu

Kila mchezo unaochezwa kwa zamu umejengwa juu ya uwongo mmoja ambao wachezaji wameridhiana kuustahimili, nao ni kwamba wakati mmoja anapotenda, mwenzake hana analoweza kulifanya ila kutazama mpaka atendaye amalize. Katika bao letu la pwani uwongo huo haumdhuru mtu, kwa sababu bao halidai kuwa ni picha ya kitu kingine chochote. Mtu husambaza kete zake akazunguka nazo mpaka zilale, na aliyemkabili hukaa akihesabu kimoyomoyo, akijua kwamba kanuni zilezile zilizompokonya kete zake ndizo atakazozitumia kuzirudisha pindi akifikiwa. Lakini ukiuchukua mtindo huo wa zamu ukautia katika mchezo unaodai kuonyesha vita, ambamo kete ni askari na mashimo ni mashamba, misitu na vichochoro vya mji, mara uwongo ule hauvumiliki tena. Askari wa adui hutoka nyuma ya nyumba, akavuka uwanja mtupu mbele ya bunduki kumi zilizokwisha elekezwa pale, akajibanza nyuma ya ukuta wa pili akiwa mzima, na katika zile bunduki kumi haikulia hata moja. Si kwamba wenye bunduki wamelala, wala si kwamba hawakumwona, bali zamu haikuwa yao.

Wabunifu wa michezo ya vita waliitambua kasoro hiyo zamani, na dawa waliyoitunga ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa: kwamba askari aliyewekwa katika hali ya kuotea hupewa idhini ya kufyatua risasi katika zamu isiyokuwa yake, bila bwana wake kumwamrisha wakati ule, mara tu adui anapojitokeza mbele ya macho yake. Amri huwa imetolewa kabla, katika zamu iliyopita, na malipo yake huwa yamekwisha tolewa. Kinachobaki ni adui kuthubutu kupita. Kwa maoni yangu hakuna kanuni nyingine katika michezo hii yenye uzito kama huu, maana ndiyo inayompa usemi mchezaji aliyenyamazishwa na zamu ya mwenziwe. Na uzuri au ubaya wa mchezo mzima aghalabu hujulikana kwa kutazama bei anayotozwa mchezaji ili aipate risasi hiyo.

Asili ya fikra yenyewe ni ya kale kuliko kompyuta, tena ni ya kale kuliko bunduki za sasa. Wacheza sataranji wanayo kanuni inayokaribiana nayo sana, ijapokuwa wachache huiona hivyo. Askari wa sataranji hapo mwanzo alikuwa akisogea mraba mmoja tu, kisha huko Ulaya akaruhusiwa kwenda miraba miwili katika hatua yake ya kwanza ili mchezo usikokote. Na papo hapo likazuka swali la insafu, kwamba ikiwa mraba alioupita katikati ulikuwa chini ya ulinzi wa askari wa upande wa pili, je, ameokoka kwa sababu tu amepita upesi? Jawabu lililokubaliwa ni kwamba hakuokoka: askari aliyekuwa akiulinda mraba ule anaweza kumtwaa kana kwamba alisimama pale, ila ni sharti afanye hivyo katika zamu inayofuata mara moja, na akikawia haki yake imebatilika. Huo ndio muradi wote wa risasi ya ulinzi, kwamba mahali palipolindwa pasipitwe bure.

Jeshi la Prussia lilipoanza kuwafunza maofisa wake kwa mchezo wa ramani, uliochapishwa mwaka 1824 na afisa kijana aliyeitwa Georg von Reisswitz, tatizo hilo lilitatuliwa kwa njia nyingine kabisa. Ramani ilichorwa kwa kipimo cha 1:8000, zamu moja ikahesabiwa kuwa sawa na dakika 2 za vita, na pande zote mbili zikawa zinamkabidhi mwamuzi amri zao, naye akazilinganisha, akatazama nani amemwona nani, akarusha dadu, kisha akatangaza yaliyotokea. Palipo na mwamuzi mjuzi hapana haja ya kanuni ya kuotea, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua kwamba kikosi kilichopita mbele ya mizinga lazima kipigwe. Lakini mwamuzi mjuzi ni mtu adimu, na michezo ya vita ilipotoka kambini ikawa bidhaa ya sandukuni, inayonunuliwa dukani na kuchezwa mezani na marafiki wawili baada ya chakula, nafasi ile ya katikati ilibaki tupu.

Athari za utupu huo zilidhihirika wazi katika mchezo wa PanzerBlitz, uliobuniwa na James F. Dunnigan na kutolewa na kampuni ya Avalon Hill ya Marekani mwaka 1970. Mchezo huo, ulioonyesha mapambano ya vifaru baina ya Wajerumani na Warusi, ulipendwa sana, na ulistahili kupendwa. Kila chumba cha ramani yake, chenye pembe sita, kilikuwa sawa na meta 250, na kila zamu ilikuwa sawa na dakika 6. Sasa tafakari: katika dakika 6 kikosi cha vifaru kingeweza kutoka msituni, kikavuka uwanda mweupe mbele ya mizinga ya adui, kikaingia msitu mwingine, na maadamu kilimaliza zamu yake kikiwa chini ya miti, ambako hakionekani ila kwa adui aliyekisogelea hadi chumba cha jirani, hapakuwa na mtu wa kukigusa. Wachezaji werevu walilitambua jambo hilo upesi, wakawa wanaruka kutoka kichaka hadi kichaka mchana kutwa, na mtindo huo ukajulikana baina yao kwa jina la Panzerbush. Ulipotoka mchezo uliofuatia, Panzer Leader wa mwaka 1974, ulikuja na kanuni ya kumfyatulia adui akiwa bado njiani.

Hata hivyo kanuni hiyo mezani ina taabu zake. Anayesogeza kikosi chake hulazimika kwenda chumba kwa chumba, polepole, ili mwenzake apate wasaa wa kusema "simama hapo," na mwenzake naye hulazimika kukodoa macho muda wote asije akapitwa. Mmoja akisogeza kwa pupa, mwingine hudai kwamba angalifyatua, na ugomvi huanza. Huduma kubwa ambayo kompyuta imeifanyia kanuni hii ni kwamba imekikalia kile kiti cha mwamuzi. Haisahau, haichoki, haipendelei. Kila hatua ya kila askari inapimwa dhidi ya macho ya kila mlinzi, na risasi hulia yenyewe pale inapostahili.

Kabla sijaingia katika michezo ya kompyuta, yapasa nitaje mchezo mmoja wa mezani ambao, kwa jinsi nionavyo, ndio ulioipatia risasi ya ulinzi bei yake kwa ufundi kuliko yote iliyoutangulia. Huo ni Space Hulk wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, uliotoka mwaka 1989. Askari wachache waliovaa deraya nzito wanapita katika ujia mwembamba wa merikebu iliyotelekezwa angani, na viumbe wenye makucha, ambao hawana bunduki wala hawaihitaji, huwajia mbio kutoka gizani. Askari ana pointi nne za kutenda katika zamu yake, na akitaka kuotea hutoa mbili. Kiumbe akitokea mbele yake, dadu mbili hurushwa kwa kila hatua anayoipiga: sita ikijitokeza katika dadu yoyote, kiumbe ameanguka, lakini dadu zote mbili zikitoa namba ileile, bunduki imekwama, na ulinzi umekufa palepale huku adui angali anakuja. Katika jumla ya njia 36 ambazo dadu mbili zaweza kuangukia, 11 zinaua na 6 zinakwamisha. Ni mizani ya ajabu. Mlinzi ni tishio la kweli, hata kiumbe mmoja haoni raha kumkabili peke yake. Na papo hapo kila risasi anayoifyatua inamkaribisha kwenye saa ambayo atabaki na chuma baridi mikononi. Anayeongoza askari hao hajui wakati wowote kama amelindwa au hakulindwa, na khofu hiyo ndiyo mchezo wenyewe.

Katika upande wa kompyuta, mtu ambaye jina lake haliwezi kuepukwa ni Julian Gollop, Mwingereza, ambaye katika Laser Squad wa mwaka 1988 alimruhusu askari abakize sehemu ya pointi zake ili azitumie kumfyatulia adui atakayepita katika zamu ya pili. Miaka 6 baadaye, yeye na nduguye Nick walitengeneza UFO: Enemy Unknown, uliotolewa na MicroProse mwaka 1994, ambamo majeshi ya dunia yanapambana na wavamizi kutoka sayari nyingine, na humo kanuni ile ilifikia daraja ya hesabu ambayo sijaona mpaka leo iliyoipita kwa uzuri.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila askari, wa upande wowote, ana kiasi fulani cha wepesi wa kuitikia, na ana akiba ya muda anayoitumia kutembea, kugeuka, kupiga magoti na kufyatua. Mlinzi anapomwona adui akitembea, mashine huuzidisha wepesi wa kila mmoja kwa sehemu ya akiba ya muda iliyombakia, kisha hulinganisha. Mwenye jumla kubwa ndiye mwenye haki ya kutenda kwanza. Chukua askari mwenye wepesi 60 ambaye ametumia nusu ya akiba yake: jumla yake ni 30. Mvamizi mwenye wepesi 50 anapoanza zamu akiwa na akiba kamili, jumla yake ni 50, na hivyo hatua zake za kwanza hupita salama mbele ya macho ya yule askari. Lakini kadiri anavyozidi kutembea ndivyo akiba yake inavyopungua, na akishatumia nusu yake jumla imeshuka hadi 25, na hapo risasi humkuta. Maana yake ni kwamba anayetoka mafichoni karibu na kupiga hatua mbili tatu ana nafasi ya kusalimika, ilhali aliyekimbia safari ndefu akafika akihema hana. Tena mlinzi akishafyatua, akiba yake nayo imepungua, kwa hiyo huenda asipate nafasi ya kufyatua mara ya pili. Hapana mstari mmoja wa hesabu hiyo uliowekwa kwa pambo; kuchoka, kushtukia, kutangulia na kuchelewa, mambo yote ambayo zamu ilikuwa imeyafuta vitani, yamerudishwa kwa kuzidisha na kulinganisha tu.

Wale waliowahi kuucheza mchezo huo wanaujua upande wa pili wa insafu hiyo, kwa kuwa wavamizi nao huotea. Ndege ya jeshi inapotua usiku katika shamba na mlango wake kufunguka, askari wa kwanza anayeshuka huwa ametembea, na huko gizani wapo waliosimama na akiba zao kamili. Wengi walijifunza kwa msiba kutoshuka katika zamu ya kwanza, bali kungoja ndani ili wavamizi wazitumie akiba zao kwa kutembea, au kutupa bomu la moshi mlangoni ndipo washuke. Na kwa vile risasi iliyokosa shabaha haitoweki bali huendelea na safari yake mpaka ipate cha kukigonga, mlinzi aliyewekwa vibaya aliweza kumpiga mwenziwe mgongoni kwa nia njema kabisa.

Mwaka huohuo wa 1994 ulitoka mchezo wa namna nyingine, Panzer General wa kampuni ya SSI, ambamo kila kete ni kikosi kizima badala ya askari mmoja, na ulinzi wa kujitendea ulikabidhiwa mizinga. Kikosi cha mizinga kilichosimama jirani na kikosi kinachoshambuliwa hufyatua chenyewe, kumpiga mshambuliaji kabla hajapata kugusa, na vikosi vya kutungulia ndege hufanya vivyo hivyo kwa ndege zinazokuja kupiga bomu majirani zao. Kanuni hiyo moja ilitosha kumfunza mtu asiyejua habari za vita kwamba askari wa miguu na mizinga hawatengani. Na ilimfunza pia hila za kuivunja, maana kila mpigo wa ulinzi hula risasi za kikosi, na adui mwenye subira aweza kutuma kwanza kikosi cha thamani ndogo kikapigwa, kisha kingine, mpaka mizinga iishiwe ndipo alete vifaru vyake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limewasumbua wabunifu kuliko yote, nalo ni kwamba dawa hii ikizidi kipimo huwa sumu. Mwaka 2012 kampuni ya Firaxis ya Marekani iliufufua mchezo wa Gollop kwa jina la XCOM: Enemy Unknown, chini ya uongozi wa Jake Solomon, na ikazifuta zile akiba za muda. Badala yake kila askari ana matendo mawili kwa zamu: aweza kutembea kisha akafyatua, au akatembea kisha akaotea. Ni rahisi kufahamika, na mtu aliyeuanza mchezo asubuhi huielewa kanuni kabla ya adhuhuri. Kuotea nako kulitozwa kodi: shabaha ya risasi ya ulinzi hupunguzwa hadi asilimia 70 ya ile ya kawaida, wala haiwezi kuleta jeraha la ziada ambalo risasi ya kawaida hulileta kwa bahati. Askari ambaye katika zamu yake angempata adui aliye wazi mara 70 katika 100, akiotea humpata mara 49.

Kodi hiyo yaonekana kali mpaka utakapopiga hesabu ya walinzi wengi. Walinzi watatu wenye 49 katika 100 kila mmoja, wakimwotea adui mmoja, uwezekano wa angalau risasi moja kumpata hukaribia 87 katika 100. Na risasi hizo hazikuwagharimu chochote, kwa maana walikuwa wamesimama tu. Basi wachezaji wakagundua mwendo ambao haukuwa na ushujaa wala furaha, lakini ulikuwa salama: sogea hatua chache, otea wote, sogea hatua chache, otea wote, na wageni wa angani wakaja wenyewe kufia mbele ya mitutu. Mchezo uliokusudiwa uwe wa kuthubutu ukageuka kuwa wa kutambaa. Nawaelewa waliocheza hivyo, kwa kuwa askari katika mchezo huo ana jina na cheo, na akifa hafufuki, hata mtu humwonea huruma kama jamaa. Lakini mchezo unaomlipa mtu kwa kutotenda umepotoka, na lawama si ya mchezaji.

Wabunifu wenyewe waliliona. Mwaka uliofuata, katika nyongeza iliyoitwa Enemy Within, walitawanya uwanjani vyombo vya maada yenye thamani ambavyo hujiharibu zamu chache zikipita, ili atambaaye akose na athubutuye apate. Katika XCOM 2 ya mwaka 2016 walikwenda mbali zaidi, wakaziwekea kazi nyingi kikomo cha zamu, na hapo wachezaji wengi walinung'unika, wengine wakatengeneza programu ndogo za kuizima saa hiyo. Mwaka 2017 nyongeza ya War of the Chosen ilileta hiari ya kuirefusha. Mimi naona dawa ya saa ilikuwa halali lakini haikuwa ya werevu, kwa sababu ilimpiga mtambaaji na mwangalifu kwa fimbo moja. Werevu ulikuwa katika jambo jingine lililokuja na mchezo huohuo wa 2016: kikosi huanza kazi kikiwa kimejificha, na walinzi wanaofyatua kutoka mafichoni, kabla adui hajajua kwamba wapo, hawatozwi ile kodi ya shabaha. Kuotea kukawa tena na maana yake ya asili, yaani mtego unaotegwa mara moja kwa tadbiri, mahali palipochaguliwa, si tabia ya kila zamu.

Kasoro moja ilibaki, nayo ni ya zamani kama kanuni yenyewe: mlinzi hana hiari. Humfyatulia wa kwanza anayepita, awe jemadari au mchukuzi, na walinzi watano waliootea mahali pamoja wote humwelekea huyo mmoja. Ndiyo sababu katika XCOM ya 2012 askari wa mashambulizi aliyefuzu katika ustadi uitwao Lightning Reflexes, ambaye risasi ya kwanza ya ulinzi haimpati, alikuwa na thamani ya pekee: alitangulia kukimbia mbele ya adui mwenye kuotea, akamfanya aipoteze risasi yake hewani, na wenzake wakapita nyuma yake bila kuguswa.

Gollop alipourudia uwanja huu katika Phoenix Point, uliotoka Desemba 2019 kutoka kwa kampuni yake ya Snapshot Games huko Bulgaria, hakumpa mlinzi hiari hiyo, bali alimpa bwana wake. Anayeweka mlinzi huchora mbele ya mtutu eneo mfano wa upepeo, akaupanua au akaubana, akauelekeza mlangoni au barabarani, na risasi hailii ila adui akiingia ndani ya mipaka hiyo. Ukiupanua sana, utamnasa kila apitaye, pamoja na yule dhaifu aliyetumwa makusudi akupotezee risasi. Ukiubana sana, jitu ulilokuwa ukilingojea litapita hatua moja nje ya mstari wako, na mlinzi wako atalitazama likipita bila kufyatua. Na kwa kuwa risasi humo zina njia halisi hewani, ni lazima pia ukumbuke kwamba askari wako mwenyewe atakayepeleka guu lake katikati ya upepeo huo yuko katika hatari ileile na adui, na kwamba mstari uliouchora zamu hii utahukumiwa zamu ijayo, wakati ambapo hutakuwa na mamlaka ya kuusogeza.